Mofini na Dawa ya Choo Viandikwe Karatasi Moja

Nesi wa huduma ya nyumbani alipoingia chumbani hakuanza na maumivu. Alimwamkia mama mkubwa, akavuta kigoda karibu na kitanda, akaichukua chupa ya mofini iliyokuwa dirishani na kuiinua kwenye mwanga. Dawa ilikuwa imejaa karibu vile vile ilivyotoka hospitali.

Akairudisha mahali pake. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Mama, choo umepata lini mara ya mwisho?”

Mama mkubwa akageukia ukutani. Wanawe wawili wa kiume, watu wazima wenye wajukuu, wakanyanyuka na kutoka nje mmoja baada ya mwingine. Tukabaki wanawake.

“Tangu wiki ile, mwanangu. Na hicho chenyewe vipunje vikavu.”

“Ndiyo maana dawa umeacha?”

“Maumivu ya mgongo nayajua, nimeishi nayo. Ya chooni siyawezi.”

Nimekaa na sentensi hiyo kwa wiki kadhaa sasa. Naandika kwa sababu haiondoki.

## Subira tuliyoisifia

Mama mkubwa ana saratani ya titi iliyofika kwenye uti wa mgongo. Anaishi Chumbageni, Tanga, katika nyumba ambayo haikosi wageni hata siku moja. Kila aliyekuja kumjulia hali alituambia jambo lile lile: huyu mama ana subira. Alikuwa anauma kitambaa cha kanga ili asipige kelele usiku, na sisi tukaichukua subira hiyo kuwa ni imani yake. Imani anayo, silipingi hilo. Lakini aliyekuwa anaumia vile alikuwa na dawa ya kumtuliza umbali wa mkono mmoja, na alikuwa ameamua kutoigusa.

Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Maswali yote yaliyoulizwa kitandani pale yalikuwa ya maumivu, ya kula na ya kulala.

Hospitali iliyompa ile chupa ilimwelekeza vizuri: mililita ngapi, kila baada ya saa ngapi, usiku afanyeje. Karatasi ninayo. Ina mstari mmoja tu, wa mofini. Kuhusu choo haina neno.

## Kinachotokea tumboni

Mofini hufunga choo, na wengi wetu tunaijua kazi hii yake bila kujua kwamba tunaijua. Ukiharisha ukaenda duka la dawa, mara nyingi utauziwa loperamidi, vile vidonge vya kufunga tumbo. Loperamidi ni ndugu wa mofini. Ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1969 katika maabara ya Janssen, na sifa yake kubwa ni kwamba kwa dozi ya kawaida haifiki kwenye ubongo. Haikulevyi wala haikuondolei maumivu. Inabaki utumboni na kuutuliza.

Mofini hufika kote kuwili. Kwenye ubongo na uti wa mgongo inashika vipokezi, yaani sehemu za seli ambazo dawa hujishikiza, na hapo inapunguza maumivu. Kwenye kuta za utumbo inakuta vipokezi vya aina ile ile, na huko inapunguza mikazo inayosukuma chakula mbele. Mabaki yanakaa muda mrefu ndani, na kadiri yanavyokaa ndivyo utumbo unavyoendelea kunyonya maji yake. Majimaji ambayo utumbo wenyewe huyatoa nayo yanapungua. Mwishoni, misuli ya njia ya haja kubwa inabana zaidi.

Uhusiano huu wa mofini na utumbo ni wa zamani katika sayansi. Hans Kosterlitz, pale Aberdeen nchini Scotland, alikuwa akipima nguvu za dawa za jamii ya mofini kwa kutumia vipande vya utumbo wa simbilisi: anaviweka kwenye maji yenye chumvi, anavipa umeme kidogo vikaze, anaongeza dawa, anaangalia mikazo inavyofifia. Kwa njia za namna hiyo, mwaka 1975, yeye na John Hughes walitangaza enkefalini, kemikali ambazo mwili wenyewe huzitengeneza na zinazofanya kazi kama mofini. Yaani hata dawa ya mwili wenyewe dhidi ya maumivu, utumbo ulisaidia kuigundua.

Sasa lije jambo ambalo nadhani lingepaswa kusemwa siku ile ile chupa inapotolewa.

Kichefuchefu cha mofini kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Usingizi nao hupungua, mwili unazoea. Choo hakizoei. Mgonjwa atakayekunywa mofini mwaka mzima, utumbo wake utazubaa mwaka mzima. Ndiyo maana wataalamu wa huduma shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa wa maradhi mazito, hawasubiri mgonjwa alalamike. Wanaanzisha dawa ya choo siku wanayoanzisha mofini, isipokuwa kama mgonjwa anaharisha.

## Rafiki wa Leon Goldberg

Nilipokuwa nasoma usiku mambo haya nilikutana na kisa cha Chicago, na kilinikalisha.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Leon Goldberg, mtaalamu wa dawa katika Chuo Kikuu cha Chicago, alikuwa na rafiki anayekufa kwa saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia kwenye mifupa. Mofini ilikuwepo. Mifupa ilikuwa inamuuma. Na yule rafiki akaikataa mofini, kwa sababu ya kufunga choo.

Mtu msomi, ndani ya jiji lenye hospitali kubwa za Marekani, alifanya hesabu ile ile aliyoifanya mama mkubwa Chumbageni: bora maumivu ninayoyajua.

Goldberg hakumhubiria subira. Alirudi maabara. Ilikuwepo tayari dawa iitwayo naltreksoni, inayozuia mofini isishike vipokezi vyake, lakini ile ingemwondolea mgonjwa na nafuu ya maumivu pia. Goldberg akachukua molekuli ya dawa ya namna hiyo iliyoongezewa kipande kidogo cha methili na kupata chaji ya umeme, na kwa chaji hiyo inashindwa kuvuka kizuizi kinachotenga damu na ubongo. Mofini ikaachiwa kazi yake kichwani, ikazuiwa utumboni. Yeye alifariki mwaka 1989 kabla ya kuona mwisho wake. Wenzake wa Chicago waliendelea, na mwaka 2008 methilinaltreksoni, sindano ya chini ya ngozi, ikaidhinishwa Marekani.

Miaka karibu 30. Kwa ajili ya choo.

Nimekitaja kisa hiki kwa kila ndugu aliyeniambia kwamba tunalikuza jambo dogo la mama mkubwa.

## Kulainisha na kusukuma

Baada ya siku ile ya kigoda, kila jirani alileta lake. Papai. Ukwaju uliolowekwa. Mboga za majani kwa wingi. Mafuta ya zeituni kijiko asubuhi. Mwingine akaleta chupa ya likwidi parafini, yale mafuta meupe yasiyo na harufu yanayouzwa famasia (si mafuta ya taa, tafadhali). Wote walikuwa wanasema neno moja: tumlainishie.

Kwa muda na mimi niliona ni sawa. Choo kikavu, lainisha. Nesi ndiye aliyenipindua, na baadaye kusoma kukamalizia.

Utumbo mpana una kilainishi chake. Kuta zake zinatoa ute mchana na usiku, na mwaka 2008 watafiti wa Gothenburg, Sweden, walionyesha kwa panya kwamba ute huo una tabaka mbili: la ndani limeng'ang'ania ukuta na bakteria hawalipenyi, la nje limelegea, ndimo bakteria wanamoishi. Kwa mtu mzima wa afya, mabaki yanateleza juu ya ute huo huku misuli ikiyasogeza. Kuteleza na kusogezwa, vyote viwili.

Mofini inaua zaidi kile cha pili. Ukimpa mgonjwa wa mofini kilainishi peke yake, umepaka grisi magurudumu ya mkokoteni usio na msukumaji.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda kwa sababu ni wa wagonjwa kama wetu. Mwaka 2013, Kanada, wagonjwa 74 wa hospisi, yaani huduma ya wagonjwa walio karibu na mwisho wa maisha, waligawanywa: wote walipewa sena, ambayo inasukuma, kisha nusu wakaongezewa dokusati, ambayo inalainisha, na nusu wakaongezewa kidonge kisicho na dawa. Hakukuwa na tofauti ya maana kati yao. Kulainisha juu ya kusukuma hakukuongeza kitu kilichoonekana.

Mafuta ya kula yana tatizo jingine: ni chakula. Sehemu kubwa yake inameng'enywa na kunyonywa kwenye utumbo mdogo kabla haijafika kunakotakiwa. Likwidi parafini ndiyo isiyomeng'enywa, hivyo inafika na kulainisha kweli. Lakini kwa mama mkubwa nesi aliikataa katakata, na sababu yake nataka kila anayeuguza mtu wa kitandani aisikie. Mgonjwa aliyelala, aliyedhoofika, anayemeza kwa shida, mafuta yale yanaweza kumpalia bila hata kumkohoza, yakaingia mapafuni na kumpa nimonia ya mafuta, ambayo si nyepesi kutibu. Watoto wadogo na wazee ndio hasa wanaoangukia huko. Na yakitumika muda mrefu yanabeba vitamini A, D, E na K kutoka nazo nje.

Mboga na nafaka zisizokobolewa nazo zinahitaji utumbo unaosukuma na mtu anayekunywa maji ya kutosha. Mama mkubwa alikuwa anakunywa nusu kikombe kwa tabu. Kumjazia makapi tumbo lisilosogea ni kumwongezea mzigo. Niliwaeleza majirani kwa adabu, na papai tukaendelea kulila wote, maana ni tamu.

Ukanda wetu wa pwani, hata hivyo, haukuwa mtupu. Sanamaki, majani yanayouzwa kwenye maduka ya dawa za asili, ndiyo sena yenyewe. Viambato vyake vinapita tumboni kimya, vinafika utumbo mpana, bakteria wa huko wanavibadilisha kuwa kemikali inayoamsha mikazo. Inachukua saa 6 hadi 12, ndiyo maana wazee waliinywa usiku. Na mafuta ya nyonyo ambayo bibi zetu walitutisha nayo tukiwa watoto hayafanyi kazi kwa kulainisha. Utumbo unayavunja, unatoka asidi ya risinoleiki, na mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwa panya kipokezi kinachoitikia asidi hiyo na kuufanya utumbo ukaze. Yanasukuma, tena kwa nguvu na kwa maumivu. Kwa mgonjwa dhaifu siyataki. Sanamaki ya kuchemsha nyumbani nayo huwezi kuijua nguvu yake, leo hafifu kesho kali. Nesi alichagua bisakodili: kidonge kidogo cha miligramu 5, kinachouzwa karibu kila famasia, kinywewe usiku, kisitafunwe, kisiandamane na maziwa, kwa sababu maziwa yanakivua ganda lake mapema na tumbo linachomeka.

Kama bisakodili ingeshindwa, alisema, angeongeza laktulozi, sukari ya maji ambayo mwili hauimeng'enyi, inayovuta maji kuingia utumbo mpana. Gesi nyingi, lakini inasaidia.

## Majimaji yaliyoidanganya nyumba

Kabla ya kidonge cha kwanza kulikuwa na jambo la kumaliza.

Siku mbili tatu kabla nesi hajaja, shuka la mama mkubwa lilikuwa linalowana kidogo kidogo. Majimaji, yenye harufu. Nyumba nzima ikaamini anaharisha. Binamu yangu akaenda duka la dawa, akaeleza, akauziwa loperamidi. Kwa bahati ilikaa kwenye pakiti, kwa kuwa mama mkubwa alikuwa amechoka kumeza vidonge.

Nesi alivaa glovu, akapaka vaselini, akamwomba radhi, akampima kwa kidole. Njia ilikuwa imezibwa na choo kigumu, kikubwa. Kilichokuwa kinatoka ni majimaji ya juu yake yaliyopenya pembeni. Mgonjwa aliyefunga choo kupita kiasi alionekana kama anayeharisha, na tulikuwa tumeshanunua dawa ya kumfunga zaidi.

Hapo huanzi na kidonge cha kusukuma kutoka juu, maana unasukuma kwenye ukuta. Alianza chini. Aliweka dawa za gliserini kwenye njia ya haja kubwa, akasubiri, kisha enema, yaani maji kidogo yanayoingizwa kwa njia hiyo hiyo, taratibu, mama akiwa amelalia ubavu wa kushoto na mimi nimemshika mkono. Alikuwa ameshamuuliza kama anatapika, ameshalikagua tumbo kama limevimba na kusikiliza kama linanguruma, ameuliza kama anapitisha upepo. Kama angekuwa anatapika na tumbo limejaa bila hata upepo kupita, alituambia, asingemgusa kwa dawa yoyote ya choo. Tungekuwa njiani kwenda hospitali, kwa sababu huenda utumbo wenyewe umeziba.

Ilichukua mchana mzima. Jioni mama mkubwa aliomba chai ya maziwa na mkate wa kumimina. Usiku ule alikunywa mofini yake, na bisakodili yake, akalala.

## Nani aulize

Nilisita sana kuyaandika haya hadharani. Mwili wa mama mkubwa si wangu kuuanika, na kwetu mambo ya chooni hayazungumzwi mbele ya watoto wa kiume, wakwe wala wageni. Adabu hiyo naithamini. Imelinda heshima za watu wengi, na sitaki kuona vitanda vya wazee wetu vikigeuzwa mahali pa kila mtu kuuliza lolote.

Lakini mgonjwa aliyelala hana faragha ya kweli. Kuna mtu anamtolea beseni. Kwa mama mkubwa alikuwa mkwe wake, binti mpole aliyeolewa juzi juzi, na yeye alijua tangu mwanzo kwamba beseni linatoka tupu. Alimwambia nani? Mumewe? Baba mkwe? Hakuwa na njia ya kulisema bila kuvuka mpaka. Habari yote tuliyoihitaji ilikuwa mikononi mwa mtu asiye na ruhusa ya kuitamka.

Nilimwomba mama mkubwa ruhusa kabla ya kuandika. Alifikiri, akasema: “Andika. Jina langu usitie. Na useme mkwe wangu hana kosa.”

Hana kosa. Ndiyo maana simbebeshi kazi hii yeye, wala binti wa nyumba nyingine. Namtaka aulize yule ambaye kuuliza ni kazi yake: daktari anayeandika mofini, mfamasia anayeimimina. Swali kutoka kwa mtu wa koti jeupe halimvunjii mtu heshima. Mama mkubwa mwenyewe alimjibu nesi kwa sentensi mbili tu, baada ya wiki za kimya.

## Mstari wa pili

Sioni kwamba tunachokosa ni dawa mpya. Zipo, na nafurahi zipo. Mwaka 2006 Marekani waliidhinisha lubiprostoni, inayofungua milango ya kloraidi kwenye kuta za utumbo ili maji yaingie na kulainisha mabaki kutokea ndani. Mwaka 2014 ikaja naloksegoli, kidonge chenye wazo lile lile la Goldberg. Kwa familia nyingi za Tanga bei ya dawa hizo ni ndoto, hata pale zinapopatikana.

Lakini sena, laktulozi na dokusati zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, sehemu ya huduma shufaa, orodha ile ile yenye mofini. Jirani zetu wa Uganda wamekwenda mbali katika hili. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, ilianza na mofini ya maji ya bei nafuu, na tangu mwaka 2004 sheria ya nchi inawaruhusu wauguzi waliofunzwa huduma shufaa kuiandika wenyewe. Miongozo ya huduma shufaa kwa nchi zetu inataja hata la kufanya pale dawa ya choo inapokosekana kabisa: mbegu za papai zilizokaushwa, kijiko cha mafuta ya kula kabla ya kifungua kinywa, vaselini kwenye njia ya haja. Walioandika hivyo walijua mgonjwa anaishi wapi. Walijua pia kwamba kumpa mofini na kunyamaza si chaguo.

Mama mkubwa sasa ana daftari la shule alilowekewa na nesi. Tarehe, kimetoka au hakijatoka, kigumu au laini. Analijaza mwenyewe kwa peni, na zikipita siku tatu bila alama anamtuma mjukuu apige simu. Mwezi huu mgongo umezidi, mofini imepandishwa, na bisakodili ikapandishwa nayo siku hiyo hiyo.

Siku tulipokwenda kuchukua dozi hiyo, mbele yetu kwenye foleni alikuwepo dada amemshikilia baba yake. Walitoka dirishani na chupa ya mofini na karatasi ya mstari mmoja. Nikamuuliza kama wamepewa na ya choo. Hakupewa. Akarudi dirishani kuuliza, akaambiwa daktari ameshaondoka, aje Jumatatu.

Ilikuwa Ijumaa. Nikampa namba ya nesi wetu.